Mwalimu aliyeuogopa moyo wake: kisa cha kumsaka mwanasaikolojia na kazi aliyoifanya

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili. Hayupo mtu mmoja mwenye historia hii yote. Ni kisa cha kufundishia, kilichoundwa kwa mambo yanayojirudia kwa watu wengi wenye tatizo kama lake. Nitamwita Mwalimu, basi.

Jioni moja akiwa kiti cha nyuma kabisa katika gari la abiria lililojaa, moyo ulianza kumwenda mbio ghafla. Kifua kikabana. Vidole vikachonyota na kufa ganzi, pumzi ikawa fupi, na watu waliokaa ubavuni mwake wakaonekana kama wako mbali. Baba yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo miezi minane kabla ya hapo, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kinachomtokea: zamu yake imefika. Alipiga kelele gari lisimame, akashuka, akakimbizwa hospitali. Kufika huko, kipimo cha umeme wa moyo kikatoka safi, na moyo wenyewe ulikuwa umeshatulia.

Hali hiyo ikamrudia darasani, kisha kwenye foleni ya benki. Safari ya tatu ya hospitali, daktari hakuishia kwenye moyo. Alipima tezi ya shingo, sukari na wingi wa damu, akauliza kuhusu kahawa, pombe na dawa anazotumia. Hatua hiyo isirukwe kamwe. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hitilafu za mapigo ya moyo na hata baadhi ya dawa za pumu huweza kuleta dalili zilezile, na mwanasaikolojia makini hataanza kazi kabla hajajua kama mwili umekaguliwa. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Daktari akamwambia, "Moyo wako mzima, mama. Nenda ukaonane na mwanasaikolojia."

Ushauri ulikuwa sahihi, ila ulikatwa mfupi mno. Mwalimu alitoka pale akiwa amesikia jambo lingine kabisa: kwamba anajitungia ugonjwa. Mgonjwa anayeagwa kwa sentensi moja namna hiyo mara nyingi haendi popote, na akienda huenda na aibu. Ingetosha kumwambia kwamba alichopata kina jina, kwamba huitwa shambulio la hofu, kwamba maumivu yake ni ya kweli hata kama moyo ni mzima, na kwamba tiba yake inajulikana.

Majina yanayochanganywa

"Mwanasaikolojia si ndiye daktari wa vichaa?" mumewe aliuliza. Kaka yake alikuwa na hofu nyingine: "Dada, wale watakuanzishia vidonge, na vidonge vyao mtu haachi."

Wote wawili walikuwa wakimzungumzia mtu mwingine, tena hata huyo walikuwa wanamwonea. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye akili. Yeye ndiye anayeandika dawa na kulaza wagonjwa, na wengi anaowatibu si vichaa kwa maana wanayoifikiria watu. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia: namna watu wanavyojifunza, wanavyokumbuka, wanavyoogopa, na jinsi ya kuyapima hayo. Anayetibu huongeza juu ya hapo miaka ya kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Zana zake ni mazungumzo yenye mpangilio, vipimo na mazoezi. Karibu kote duniani haandiki dawa. Jimbo la New Mexico lilipowaruhusu mwaka 2002 wanasaikolojia wenye mafunzo ya ziada kuandika dawa za akili, ndilo lilikuwa jimbo la kwanza nchini Marekani kufanya hivyo, na yaliyofuata mpaka sasa ni machache.

Mshauri nasaha naye ana kazi yake. Huwasindikiza watu katika msiba, katika ndoa iliyoyumba, katika uamuzi mzito. Mafunzo yake mara nyingi ni mafupi kuliko ya mwanasaikolojia, lakini aliyeiva katika kazi hiyo ni hazina. Na huyo ndiye Mwalimu aliyeanza naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na ndiye ambaye kila mtu alimsifu.

Wema uliomrudisha nyuma

Napenda kukaa hapa kidogo, maana hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mshauri yule alikuwa mtu mwema kweli. Alimsikiliza, akamwacha amlilie baba yake, hakuangalia saa. Akamwambia, "Hali hiyo ikikujia, nipigie simu saa yoyote." Mwalimu akapiga. Sauti ya taratibu ikamwambia kaa chini, kunywa maji, vuta pumzi, hakuna kitakachokupata. Ndani ya dakika kumi akatulia. Akapiga tena wiki hiyo. Akatulia tena. Akawaambia ndugu zake kwamba amepata mtu wa kumponya.

Sasa tazama maisha yake yalivyokuwa miezi mitatu baadaye. Kiti cha nyuma cha gari alikuwa ameshakiacha, halafu akaacha gari zima. Shuleni alifundisha akiwa amesimama karibu na mlango. Foleni alimtuma mumewe. Mkoba wake haukukosa chupa ya maji, vidonge viwili vya kutuliza ambavyo hakuwahi kuvimeza, na simu yenye chaji kamili. Usiku alijishika mshipa wa mkono akihesabu mapigo. Mashambulizi hayakupungua, ila yeye alikuwa amepungua.

Imekuwaje msaada ukaleta hali hii? Shambulio la hofu hupanda haraka, hufika kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe, maana mwili hauwezi kubaki kwenye kilele kile kwa muda mrefu. Linashuka hata usipofanya lolote. Kwa hiyo kitu chochote unachokuwa unakifanya dakika ile kinajipatia sifa ya kukuokoa. Ukinywa maji, maji yamekuokoa. Ukipiga simu, simu imekuokoa. Ukikimbia darasani, kukimbia kumekuokoa. Nafasi pekee ya kugundua kwamba hukuwa unakufa hata kidogo inapotea kila mara, na safari ijayo hofu inakuja na ushahidi mpya: juzi nilinusurika kwa sababu nilikuwa na simu.

Mshauri hakukosa utu wala nia. Alikosa ramani ya tatizo hili mahususi. Alidhani hofu ni huzuni iliyofungiwa ndani, na kwamba huzuni ikitoka yote hofu nayo itaondoka. Kifo cha baba kweli ndicho kilichowasha moto, lakini kilichokuwa kikiuendeleza ni kitu kingine, na anayetibu ugonjwa huu anashughulika na kile kinachouendeleza.

Kibao kisicho na usajili

Alipoona mambo hayaendi, Mwalimu alimwendea mtu aliyetundika kibao cha "mtaalamu wa saikolojia". Huyo hakuuliza maswali mengi. Alimwahidi kuiondoa hofu "kabisa" kwa kikao kimoja, malipo yatangulie. Hapo kazi ya ualimu ilimsaidia. Akaomba kuona namba ya usajili. Alionyeshwa cheti cha kozi fupi kilichowekwa kwenye fremu nzuri. Akashukuru, akaondoka.

Watu wengi hudhani jina la kazi linalindwa na sheria kila mahali kama linavyolindwa jina la daktari. Haiko hivyo. Uingereza, kwa mfano, imekuwa na daftari la lazima la wanasaikolojia tangu mwaka 2009, lakini majina yanayolindwa ni kama mwanasaikolojia tiba au mwanasaikolojia wa elimu. Neno "mwanasaikolojia" likiwa peke yake halimo kwenye ulinzi huo. Australia imekwenda mbali zaidi: neno lenyewe linalindwa, na yeyote anaweza kulitafuta jina la mtu kwenye daftari la taifa. Kwingine hakuna daftari la serikali kabisa, kuna chama cha wanataaluma tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetafuta, kabla ya kuuliza nani anasifiwa, ni hili: katika nchi yangu, nani anaweka orodha ya walioruhusiwa? Kama ni bodi, ulizia bodi. Kama ni chama, ulizia chama. Kama hakuna chochote, uliza amesoma chuo gani, kwa miaka mingapi, na nani alimsimamia alipokuwa akijifunza kutibu. Mtu aliyesoma kweli hakasiriki akiulizwa hayo. Ameshayajibu mara nyingi.

Ahadi ya kupona kwa kikao kimoja nayo ni alama ya kukimbia. Si kwamba watu hawapati nafuu haraka, wapo wanaopata. Ila mtu aliyefunzwa hawezi kukuahidi matokeo kabla hajakufahamu.

Simu tatu

Mwongozo sahihi ulitoka kwa daktari wa magonjwa ya akili, yule ambaye kaka mtu alimwogopa. Alimsikiliza, akaupa ugonjwa jina, ugonjwa wa mashambulizi ya hofu: mashambulizi yanayokuja bila kutarajiwa, yakifuatiwa na mwezi au zaidi wa kuogopa yatarudi au kubadili mwenendo ili yasirudi. Akamweleza kwamba kuna dawa za kundi linalotumika pia kutibu sonona ambazo husaidia, na kwamba vile vidonge viwili vya kutuliza havifai kuwa tiba ya ugonjwa huu. Mwongozo wa tiba wa taasisi ya NICE ya Uingereza unasema hivyohivyo, na kwa tiba ya kisaikolojia unataja jumla ya saa 7 hadi 14, nyingi zikiwa vikao vya kila wiki. Mwalimu akachagua kuanza na tiba ya kisaikolojia, dawa zibaki akiba. Daktari akampa majina matatu na kumwambia awapigie wote.

Wa kwanza alimsikiliza dakika mbili akasema, "Mwalimu, nisikupotezee muda. Mimi nawapima watoto wenye shida za kujifunza, hili lako si eneo langu." Jibu hilo lilimvunja moyo, ingawa kwa macho yangu ndilo jibu bora kabisa aliloweza kupewa. Saikolojia ni pana. Kuna wanaopima kumbukumbu baada ya jeraha la ubongo, wanaofanya kazi mahakamani, wanaoshughulika na makazini, na wengine ni watafiti wasioona mgonjwa hata mmoja. Kazi ya yule wa watoto ina mizizi mirefu: Lightner Witmer alipofungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, kisa chake cha kwanza kilikuwa mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa usahihi, na aliyemleta alikuwa mwalimu wake.

Wa pili alikuwa mbali, anayetibu kwa video. Sifa zake zilikuwa kamili. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba tiba ya mazungumzo kwa video huleta matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana, na kwa sonona, kukosa usingizi au wasiwasi wa jumla ningemshauri mtu asisite. Ila ugonjwa huu wa Mwalimu uliishi ndani ya gari, kwenye foleni na darasani. Mtu anayeweza kupanda gari pamoja naye ana faida ambayo video haina.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mwendo mfupi kutoka shuleni. Mwalimu aliandika maswali kwenye karatasi ili hofu isimsahaulishe. "Umewahi kutibu watu wa namna yangu?" "Sehemu kubwa ya kazi yangu ndiyo hiyo." "Utafanya nini nami?" Jibu la swali hili ndilo lililomwamulia:

"Kwanza nitataka kujua shambulio lako la mwisho lilikwendaje, dakika kwa dakika. Kisha tutatafuta pamoja ni nini kinalifanya lirudi. Halafu tutafanya majaribio, madogo kisha makubwa, na mengine hutayapenda. Tutapima mwanzoni, katikati na mwisho. Tukifika nusu ya safari na vipimo havijasogea, tutakaa tuulizane kwa nini."

Mtu anayetafuta mwanasaikolojia akumbuke kusikiliza jambo hili kuliko sauti nzuri: je, anaweza kueleza kwa maneno ya kawaida atakachofanya, na atajuaje kama kinafaa?

Kikao cha kwanza

Mwalimu alitegemea kochi na kimya. Alikuta viti viwili na daftari.

Kabla ya lolote akaelezwa mipaka ya siri. Anachosema kinabaki humo, isipokuwa kama uhai wake uko hatarini, au wa mtu mwingine, au mtoto anadhurika. Mpaka huo umepiganiwa mahakamani: mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu anayejua, au aliyepaswa kujua, kuwa mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, ndiyo maana mipaka husemwa mwanzoni, mgonjwa akiwa bado na nafasi ya kuamua aseme nini.

Yakafuata maswali ambayo hakuyatarajia. Unalala vipi? Unakunywa? Umewahi kufikiria kujiua? Nyumbani kuna anayekupiga? Mwalimu alishtuka kidogo kwa hilo la kujiua, lakini kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na kutouliza kunaweza kuugharimu uhai. Kisha dodoso la ukali wa hofu, lenye vipengele 7, kila kimoja alama 0 hadi 4. Jumla ya juu kabisa ni 28. Mwalimu alipata 19.

Ndipo wakaingia kwenye shambulio la mwisho, la darasani.

"Kitu cha kwanza kabisa ulichokigundua ni nini?"

"Moyo uliruka."

"Ukawaza nini?"

"Kwamba ndio huo, umefika."

"Halafu mwili ukafanyaje?"

"Ukazidi. Kifua kikabana."

"Na kifua kilipobana, ukawaza nini?"

Mwalimu akanyamaza. Mwanasaikolojia akageuza daftari: alikuwa anachora duara. Moyo kuruka, wazo la kifo, hofu, moyo kwenda mbio zaidi, wazo kuwa la hakika zaidi, na mshale ukirudi pale ulipoanzia. Pembeni akachora mstari kwenda nje ya duara: kukimbia, maji, simu. "Hapa ndipo unapochomoka kila mara," akasema, "kwa hiyo hujawahi kuona duara hili linaishaje."

Mchoro huo ni wa familia ya ule aliouchapisha mwanasaikolojia Mwingereza David Clark mwaka 1986, akisema kwamba kinacholiwasha shambulio ni mtu kuisoma vibaya dalili ya kawaida ya mwili kama dalili ya maafa. Ukiangalia utaona jinsi unavyotofautiana na maelezo ya mshauri wa kwanza. Kwake, hofu ilikuwa kitu kilichohifadhiwa ndani kinachopaswa kutolewa. Hapa, hofu ni kitu kinachotengenezwa upya kila mara, kwa hatua zinazoweza kuonekana, na kila hatua inaweza kujaribiwa.

Majaribio

Kikao cha tatu, mwanasaikolojia alisema, "Mwalimu, leo tutapumua haraka na kwa nguvu dakika moja, mimi na wewe." Alikuwa amehakikisha majibu ya hospitali yako mezani, kwamba hana pumu, hana kifafa, hana ujauzito. Kwa mtu wa namna hiyo zoezi halina hatari.

Kabla ya kuanza, Mwalimu aliandika: "Nitazimia." Uhakika: asilimia 80.

Walipumua. Sekunde ya thelathini kichwa kikawa chepesi, vidole vikachonyota, kifua kikabana, vyote vilevile vya ndani ya gari. Alitaka kusimama. Mama yule, naye akihema, akamwonyesha kwa mkono: bado. Dakika ilipoisha wakakaa bila kufanya chochote, bila maji, bila kujituliza. Baada ya muda dalili zikaondoka moja moja, ganzi ya vidole ikiwa ya mwisho. Mwalimu alitazama mikono yake kwa mshangao. Alikuwa amejitengenezea ugonjwa wa moyo kwa pumzi zake mwenyewe, na umeisha bila kumeza kitu.

Maelezo yakaja baada ya zoezi, wakati yana mahali pa kushika. Ukipumua kuliko mwili unavyohitaji, kabonidioksaidi hupungua kwenye damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo. Ndiyo sababu kichwa huwa chepesi, na upungufu huohuo wa kabonidioksaidi ndio unaofanya vidole vichonyote. Kuhusu kuzimia, kwa kawaida mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka, ilhali kwenye hofu shinikizo hupanda. Kwenye karatasi Mwalimu akaandika kilichotokea: "Sikuzimia." Uhakika kwa safari ijayo: 40.

Sehemu hii ya kazi watu wengi hawaifahamu, na huwashangaza hata ndugu wa mgonjwa. Mwanasaikolojia hakumwambia hata mara moja "hutazimia". Angemwambia, neno lake lingekuwa chupa nyingine ya maji. Alimwacha aone mwenyewe, kwa utabiri ulioandikwa kabla na matokeo yaliyoandikwa baada. Wiki zilizofuata walizunguka kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka mpaka kizunguzungu, wakapanda ngazi mbio, wakapanda gari la abiria pamoja, mwanasaikolojia mbele na Mwalimu kiti cha nyuma. Kisha Mwalimu peke yake. Kisha peke yake bila chupa, na simu imezimwa.

Mumewe aliitwa kikao kimoja. Alikuwa amezoea kumsindikiza, na alipoombwa aache aliona anaambiwa amtelekeze mkewe. "Shemeji," mwanasaikolojia alimwambia, "ulimbeba vizuri alipokuwa hawezi. Sasa anaweza, na ukiendelea kumbeba hatajua." Wakakubaliana maneno atakayotumia hofu ikimkamata mkewe: atamuuliza anataka kufanya nini, kisha atasubiri.

Katikati mambo yalikwama. Wiki ya tano Mwalimu hakutokea, na wiki iliyofuata alikuja amenuna. Mwanasaikolojia mbovu angepuuza au angemlaumu. Huyu aliuliza moja kwa moja, "Kuna kitu nimefanya kimekukwaza?" Baada ya kusitasita, jibu likatoka: "Unanisukuma kama mwanafunzi mzembe." Wakazungumza hilo kikao kizima. Ilionekana kwamba lengo walikubaliana, kupanda gari tena, ila kasi ilikuwa imeamuliwa na upande mmoja. Wakapanga upya ngazi za mazoezi, safari hii Mwalimu akishika kalamu. Tangu Edward Bordin alipoandika mwaka 1979 kuhusu ushirikiano kati ya mgonjwa na mtabibu, nguzo hutajwa tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi, na kuaminiana. Hapa ya kwanza na ya tatu zilikuwapo, ya pili ilikuwa imelegea. Mgonjwa ana haki ya kulisema jambo kama hilo kwa sauti, na jinsi mwanasaikolojia anavyolipokea inakuonyesha mengi kumhusu kuliko vyeti ukutani. Kama angejibu kwa hasira au kwa kumtia hatia, ningemshauri Mwalimu aanze tena kupiga simu.

Vikao vilifika 12. Dodoso lilisoma 19 mwanzoni, 14 katikati, 6 mwishoni. Alikuwa bado amepata shambulio moja mwezi ule, kwenye kikao cha wazazi shuleni. Alibaki amesimama mbele ya wazazi, akamaliza sentensi aliyokuwa anaisema, na hakuna aliyegundua. Vile vidonge viwili alivirudisha kwa daktari.

Jambo ambalo halikuisha ni baba. Hofu ilipopungua, huzuni ikapata nafasi. Mwalimu akaanza kumwota, akaanza kulia akisikia mtu akikohoa kama alivyokuwa akikohoa mzee. Akauliza kama waongeze vikao. Mwanasaikolojia alimpima tena, akaona hakuna sonona wala huzuni iliyokwama kwa namna ya ugonjwa: alikuwa anakula, anafundisha, anacheka na wanawe. Alikuwa na msiba tu ambao hakuwahi kuupata muda wake. Akamuuliza kama bado anayo namba ya yule mshauri nasaha wa kwanza, yule asiyeangalia saa. Mwalimu alikuwa nayo. Kwa ridhaa yake ikaandikwa barua fupi kwa mshauri, ikieleza kilichofanyika na kumwomba jambo moja: amsikilize kuhusu baba yake kama alivyofanya mwanzo, ila hofu ikimjia asimwambie kamwe apige simu.